Abiria Anaibiwa Wapi?

Abiria wa Nairobi huonyana sana kuhusu mbinu ya mkanda. Matatu ya viti 14 imetoka mjini jioni, na mwanamume aliyevaa vizuri anamgeukia jirani yake: "Funga mkanda, kuna polisi hapo mbele." Mkanda wenyewe ni mbovu, kifungo hakishiki. Basi yule bwana anajitolea kusaidia. Anavuta huku, anasukuma kule, mikono yote miwili ikionekana wazi juu ya kifungo, na macho ya jirani yameganda hapo hapo. Mwenzake wa upande wa pili ana koti mapajani, na chini ya koti ndiko kazi inakofanyika. Kabla matatu haijafika mbali, wawili hao wameshashuka, mmoja hapa na mwingine steji inayofuata, kama watu wasiojuana. Mwenye simu atajua baadaye.

Kinachokera zaidi ni kwamba mkanda uliwekwa pale kwa ajili ya kumlinda abiria huyo huyo. Kanuni zilizochapishwa kama Tangazo la Kisheria nambari 161 la mwaka 2003, ambazo Wakenya hadi leo huziita sheria za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Zilidai kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, mkanda kwenye kila kiti, mstari wa manjano ubavuni mwa gari, sare kwa dereva na utingo, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na picha ya dereva iwekwe mahali panapoonekana. Katika orodha hiyo ndefu kulikuwa na sharti ambalo halikupigiwa makelele: wahudumu waajiriwe kwa kudumu na walipwe kwa mwezi. Zaidi ya miaka 20 imepita. Mstari wa manjano upo. Mshahara wa mwezi, kwa wengi wao, haujaonekana.

Tofauti hiyo kati ya mstari na mshahara inaeleza mambo mengi. Uhalifu wa kwenye usafiri wa mjini huzungumzwa kana kwamba ni habari ya wezi wanaopanda gari na njia za kuwakamata. Lakini matukio ambayo abiria huyasimulia, na yale yaliyofika mahakamani, hayatokei sana gari likiwa katika mwendo. Hutokea kwenye steji, mlangoni, dirishani wakati wa msongamano, kwenye basi lililoishiwa abiria mwisho wa njia, na kwenye ule mwendo wa miguu kutoka barabarani hadi nyumbani. Ni pembezoni mwa gari. Na sheria, tangu enzi za Michuki, zimekuwa zikilikagua gari lenyewe.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kenya Bus Service, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 1934, ilikuwa kampuni yenye ratiba, tiketi na makondakta walioajiriwa. Abiria aliyedhulumiwa alijua ofisi ya kwenda. Matatu zilianza kama magari yaliyobeba abiria bila kibali, zikisakwa na polisi, hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri iliyoziruhusu kubeba abiria bila leseni ile ambayo mabasi yalilazimika kuwa nayo. Amri hiyo ilifungua kazi kwa maelfu ya watu na kufikisha usafiri kwenye mitaa ambayo basi la kampuni halikuwahi kuikanyaga. Ilizaa pia biashara ambayo kila gari ni kampuni yake, na kila mlango una mwajiri wake. Kenya Bus ilidhoofika mwaka hadi mwaka, na pamoja nayo ikapotea ile ofisi ya kwenda kulalamika.

Hesabu za gari moja hazina siri. Dereva na utingo hulichukua alfajiri na jioni humpelekea mwenyewe kiasi walichokubaliana. Dar es Salaam huita kiasi hicho hesabu ya tajiri. Nairobi wanasema tageti. Kabla ya kufikia tageti kuna mafuta, kuna pesa za steji, kuna za askari wa barabarani, kuna za askari wa kaunti. Kinachobaki baada ya yote ndicho chakula cha wawili hao. Mtu anayeishi kwa masalio ya siku hana sababu ya kusubiri abiria aliyeachwa nyuma akibishana na aliyemchomolea pochi. Ana kila sababu ya kuondoka.

Ndiyo maana abiria "huuzwa". Gari linaloelekea mwisho wa njia likiwa na watu watano halina faida. Utingo huwahamishia kwenye gari jingine, humlipa mwenzake sehemu ya nauli, na dereva hugeuza kurudi mjini kuwahi kundi jipya. Kwenye vitabu vya mwenye gari hilo ni jambo dogo. Kwa msichana aliyeshushwa saa tatu usiku mahali ambapo hakupanga kushuka, halafu akaambiwa apande gari asilolijua, ni hatari ya kweli. Ndiyo maana pia kuna madereva wa kushikilia, wale ambao Dar huitwa deiwaka: dereva mwenye beji amekwenda kula au kulala, na usukani ameshika rafiki yake kwa safari mbili tatu. Picha ya dereva iliyobandikwa juu ya kioo ni ya mtu mwingine. Sharti la Michuki limetimizwa kwa herufi, na abiria hamjui anayemwendesha.

Steji za katikati ya Nairobi, kuanzia barabara ya Tom Mboya hadi ya Ronald Ngala, zinafaa kutazamwa kwa karibu saa kumi na mbili jioni. Matatu haiondoki hadi ijae, na abiria hataki kuingia gari tupu, kwa hiyo watu hulipwa kidogo ili wakae ndani waonekane kama wasafiri. Abiria halisi wakianza kuingia, hawa wa kukodiwa huanza kutoka. Hapo mlangoni, kwenye upana wa mtu mmoja, kuna wanaopanda, wanaoshuka, utingo anayepiga bodi ya gari kwa kiganja na kuita, mchuuzi wa peremende na chaja, na mpiga debe anayemshika mtu mkono kumvutia kwenye gari lake. Ukigongwa bega mara tatu ndani ya sekunde kumi huwezi kujua ni nani aliyekugonga kwa bahati mbaya. Mwizi wa mfukoni hahitaji kubuni msukumano. Biashara yenyewe humtengenezea kila baada ya dakika chache.

Je, makanga, yaani hao utingo, wanawajua wezi? Swali hili huleta ubishi kila linapoulizwa, na jibu la haki ni kwamba wengi wanawajua kwa sura. Mtu anayefanya kazi sehemu moja kutwa nzima huwajua wanaozungukazunguka hapo. Wapo makanga ambao hunong'ona "angalia begi, mama" na kujiweka hatarini kwa neno hilo, kwa sababu wao watarudi steji hiyo kesho, na wezi pia. Wengine hutazama pembeni. Wachache hula nao. Kuwatia wote kapu moja, kama magazeti yalivyozoea kufanya, hakusaidii kuelewa kwa nini yule anayeonya hana wa kumkinga.

Miaka ya nyuma, steji ilikuwa na wenyewe wa aina nyingine. Kundi la Mungiki lilijijengea mapato makubwa kwa kutoza matatu ada ya kila siku kwenye njia nyingi za Nairobi na mkoa wa Kati. Machi 2002, mapigano kati yake na kundi hasimu yaliua watu wasiopungua 20 mtaani Kariobangi, na serikali ikalipiga marufuku mwaka huo. Marufuku hiyo haikuondoa ada. Mwaka 2007 madereva na makanga waliokataa kulipa waliuawa kikatili, baadhi kwa kukatwa vichwa, na Juni mwaka huo operesheni ya polisi mtaani Mathare ikaua watu zaidi ya 20 katika siku chache. Leo watozaji wengi wa steji wanafanya kazi kwa majina ya vyama na kamati. Tofauti ni kubwa, hakuna anayekatwa kichwa kwa shilingi 200. Hata hivyo muundo umebaki: anayekusanya pesa kwenye steji hadaiwi chochote na abiria anayeibiwa kwenye steji hiyo hiyo.

Wanaochunguza uhalifu wa mabasi kwingineko wamekuta jambo linalofanana. Los Angeles, mtafiti Anastasia Loukaitou-Sideris alichunguza mwishoni mwa miaka ya 1990 vituo vya basi vilivyokuwa na visa vingi zaidi. Aligundua kwamba uhalifu ulirundikana kwenye vituo vichache, na kwamba vituo hivyo vilikuwa na majirani wa aina moja: maduka ya pombe, viwanja vitupu, vichochoro, majengo yaliyotelekezwa. Vituo vya karibu navyo, kwenye njia ile ile na kwa mabasi yale yale, vilikuwa na utulivu. Nairobi ina faida moja katika hili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia walitoa ramani ya kwanza kamili ya njia za matatu, zaidi ya 130, nyingi zikimiminikia katikati ya jiji. Ramani ya njia ipo. Kuweka juu yake alama za mahali watu wanapoibiwa si kazi ya ajabu, lakini inahitaji taarifa, na taarifa ndizo zinazovuja.

Huvuja hivi. Mtu akichomolewa pochi, kinachomuuma kesho yake ni kitambulisho na laini ya simu. Ili apate vingine anahitaji hati ya polisi, ile inayojulikana mitaani kama abstrakti. Anakwenda kituoni, anaulizwa amepotezaje. Akisema ameibiwa kwenye matatu, yanafuata maswali: gari gani, nambari gani, mahali gani hasa? Gari lilipitia maeneo ya vituo vitatu vya polisi. Hajui aliibiwa wapi, ila anajua alipogundua. Akisema vitu vimepotea, anaandikiwa hati na kwenda zake. Wengi huchagua kupoteza. Daftari la matukio hubaki likionyesha jiji la watu wasahaulifu.

Dirishani hakuna ubishi wa mahali. Foleni ya jioni kwenye mzunguko wa Globe au kwenye barabara ya Haile Selassie huwasimamisha abiria wakiwa na vioo wazi kwa sababu ya joto, simu mkononi kwa sababu ya kuchoka. Mnyakuzi hupita kati ya magari kama mchuuzi, hunyoosha mkono, na kupotea upande wa pili wa barabara ambako gari haliwezi kumfuata. Aliyeketi nyuma ya dereva husikia kelele tu. Ushauri wa siku zote ni kufunga kioo na kuficha simu, na ni ushauri mzuri, ila unamwachia abiria kazi yote. Mnyakuzi ananyakua kwa sababu kuna mnunuzi. Tanzania ilionyesha njia moja ya kulipunguza soko hilo: Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia kwa kutumia rejista kuu ya nambari tambulishi, na rejista hiyo hiyo huwezesha simu iliyoripotiwa kuibwa kufungiwa isitumike kwenye mtandao wowote nchini. Kenya nayo ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012. Simu ambayo haiwezi kupiga inauzwa kwa bei ya vipuri. Wapo mafundi wa kubadilisha nambari hizo, kwa hiyo dawa si kamili. Ila kila hatua anayolazimika kupita mwizi inakula faida yake.

Pesa taslimu ndiyo chambo kingine, na hapa historia ina somo lenye pande mbili. Mwaka 1968 madereva wa mabasi katika miji ya Marekani waliporwa mfululizo, kwa kuwa walibeba chenji. Dereva mmoja alipouawa jijini Washington mwezi Mei mwaka huo, kampuni ya mabasi ya jiji iliacha kurudisha chenji: abiria alileta nauli kamili na kuitumbukiza kwenye kisanduku ambacho dereva hakuwa na ufunguo wake. Miji mingine ikafuata, na uporaji wa madereva ukashuka kwa kasi. Hawakuongeza askari. Waliondoa kilichokuwa kikiibwa.

Nairobi ilijaribu mfano huo kwa kadi. Google na Benki ya Equity walizindua BebaPay mwaka 2013, kadi nyingine zikafuata, na serikali ikatangaza kwamba mwaka 2014 ungekuwa mwisho wa nauli ya mkononi. Tarehe ikasogezwa, kisha ikasahaulika. BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Sababu zilizotajwa ni nyingi, za mitambo na za ushindani, lakini moja inajitosheleza: kadi ilimwonyesha mwenye gari kila shilingi iliyoingia, wakati dereva, utingo, mtoza ada wa steji na askari wa barabarani wote walikula kutokana na shilingi zisizoonekana. Mfumo uliotakiwa kumlinda abiria ulipingwa na kila aliyekuwa kati yake na usukani.

Kadi zilipokufa, simu iliingia kwa mlango wake. Tangu janga la korona, kulipa nauli kwa M-Pesa kumekuwa jambo la kawaida. Faida ipo: utingo habebi burungutu, na abiria hagombani juu ya chenji. Lakini sasa mtu analazimika kutoa simu mfukoni ndani ya gari, mara nyingi gari likiwa kwenye foleni, aandike namba ya siri huku jirani akitazama. Na utingo anapotoa namba yake binafsi badala ya ile ya biashara, malipo humfikishia jina na namba ya simu ya abiria. Wanawake wengi wamewahi kupokea ujumbe wa usiku kutoka kwa mtu waliyemlipa nauli asubuhi. Huo si wizi, wala polisi hawana habari nao, ila ni sehemu ya hesabu anayopiga mwanamke kabla ya kuamua apande gari lipi.

Kwa mwanamke, usalama wa safari ni suala jingine kabisa, na matukio ya 2014 yalilitoa hadharani kwa namna ambayo Kenya haikuweza kuipa kisogo. Septemba mwaka huo, usiku, katika basi la Githurai lililokuwa limeingia kituo cha mafuta, abiria mwanamke aliporwa, akavuliwa nguo na kudhalilishwa, na waliohusika wakarekodi video. Novemba, mwanamke mwingine alivuliwa nguo mchana kweupe kwenye steji katikati ya Nairobi na kundi la wanaume waliodai amevaa vibaya. Video zikasambaa. Tarehe 17 Novemba wanawake na wanaume waliandamana kutoka Uhuru Park hadi kwenye steji yenyewe, wakisema mavazi yao ni hiari yao. Kabla mwaka haujaisha, marekebisho ya sheria za usalama yaliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo chake kisipungue miaka 10. Julai 2017 mahakama ya Nairobi ilimhukumu kifo dereva, utingo na mhudumu wa kituo cha mafuta kwa kisa cha Githurai, kwa kosa la wizi wa mabavu.

Visa viwili hivyo vilichanganywa sana katika mjadala, ingawa si vya aina moja. Cha steji kilikuwa cha umati: wanaume wengi, mwathiriwa mmoja, na kila mtu akijificha nyuma ya mwenzake. Cha Githurai kilikuwa cha gari lililogeuka mtego mwisho wa kazi, wahudumu wakiwa ndio wahalifu. Delhi, miaka miwili kabla, ilikuwa imeona sura mbaya kuliko zote ya kisa cha pili. Tarehe 16 Desemba 2012 mwanafunzi na rafiki yake walipanda basi la binafsi lililokuwa nje ya kazi rasmi, wakiamini ni usafiri wa kawaida. Yule mwanafunzi alibakwa na kuumizwa na kundi lililokuwa ndani, akafariki siku 13 baadaye. Wanne walinyongwa Machi 2020. Mbali na adhabu, Delhi ilichukua hatua za kinga pia: iliweka walinzi ndani ya mabasi ya umma, na kuanzia Oktoba 2019 wanawake wakapanda mabasi hayo bure kwa tiketi ya rangi ya waridi. Kuwaleta wanawake wengi ndani ya basi kunabadilisha basi lenyewe, jambo ambalo hukumu ya kifo haiwezi kulifanya.

Nairobi juhudi za namna hiyo zimeachiwa zaidi mashirika ya kiraia. Flone Initiative, iliyoanzishwa na Naomi Mwaura mwaka 2011, huwafunza wahudumu wa matatu namna ya kuhudumia abiria bila kuwanyanyasa na huwasaidia wanawake wanaotaka kazi ya utingo na udereva. Kazi nzuri, lakini mafunzo yanamhitaji mtu atakayekuwepo kazini mwezi ujao. Utingo wa leo akiwa deiwaka wa kesho kwenye njia nyingine, somo linamfuata mtu, haliachi chochote kwenye gari.

Dar es Salaam inaonyesha jinsi bei tu inavyoweza kumweka mtu hatarini. Mwanafunzi hulipa nauli ya punguzo, chini ya nusu ya ile anayolipa mtu mzima. Nia ni njema. Kwa konda mwenye hesabu ya tajiri kichwani, mwanafunzi ni kiti kilichoharibika. Asubuhi daladala hupunguza mwendo kituoni, konda akaona sare za shule, na gari likaondoka. Watoto husimama kituoni saa nzima, hufika shule wakiwa wamechelewa, hurudi nyumbani giza likiingia. Msichana wa kidato cha pili anayetegemea huruma ya konda fulani ili apate kupanda kila siku yuko katika deni ambalo hakulikopa, na wapo wanaolidai. Hakuna mwizi hapa. Serikali ilipanga nauli ya punguzo bila kusema nani atalipa tofauti, na konda akaipeleka gharama kwa mtoto.

Kuhusu ugaidi, inatosha kusema machache, kwa kuwa ulikuja kutoka nje ya mfumo huu. Tarehe 18 Novemba 2012 bomu ndani ya matatu Eastleigh liliua watu wasiopungua 7; Mei 2014 mabasi mawili yalilipuliwa Thika Road. Makanga wakaonekana na vifaa vya kugundua chuma mlangoni, wengine wakivipitisha juu ya mifuko bila kutazama taa. Siku moja baada ya bomu la Eastleigh vijana walishambulia maduka na watu wa jamii ya Wasomali mtaani humo. Vifaa vilipotea baada ya muda. Kutiliwa shaka kwa abiria kwa sababu ya sura yake kulidumu zaidi.

Halafu kuna safari ambayo haimo kwenye nauli, ile ya miguu. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012 ilikuja na madaraja ya waenda kwa miguu, na kwa upande wa ajali hilo lilikuwa jambo la maana. Ila daraja refu lenye ngazi pande mbili, lisilo na taa wala watu saa nne usiku, ni mahali ambapo abiria hana pa kukimbilia, na wakora walilitambua hilo mapema. Wengi huamua kuvuka chini, kwenye barabara ya njia nane, wakichagua gari la mwendo wa kasi badala ya kisu. Kwenye mitaa kama Mathare na Korogocho, zile nguzo ndefu za taa ambazo watu walizibatiza mulika mwizi zilibadilisha saa za kurudi nyumbani. Mama mboga aliweza kubaki na meza yake hadi usiku, na meza yake ikawa macho ya barabarani. Kati ya hatua zote zilizowahi kuchukuliwa, hii ya taa pengine ndiyo iliyomsaidia abiria zaidi, ijapokuwa haikuandikwa kwenye kanuni yoyote ya matatu.

Badala ya kuulinda mwendo huo wa miguu, wapangaji wa jiji wamekuwa wakiurefusha. Kituo cha Muthurwa kilifunguliwa mwaka 2008 ili kuziondoa matatu za Eastlands katikati ya mji, na kikajulikana haraka kwa msongamano na uchomozi. Desemba 2018 Gavana Mike Sonko alipiga matatu marufuku kuingia katikati ya jiji. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wakatembea pamoja na umati, na agizo halikumaliza hata wiki. Kila steji inaposogezwa nje, mwendo wa miguu unaongezeka, na mwendo huo ndio usio na utingo, wala dereva, wala nambari ya gari ya kuandikisha polisi.

Dar imejaribu kuifuta steji kabisa. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake, yakiwa na vituo 27 vilivyofungwa, geti la tiketi, taa na walinzi. Mpiga debe hana pa kusimama. Dereva hajali amebeba wangapi, maana hana hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko rangi ya basi. Lakini mabasi hayakutosha, na foleni za Kimara na Gerezani zikaleta msukumano mpya, watu wakiingia kwa madirisha, wanawake wakibanwa na mikono ya watu wasiowaona, vibaka wakivuna ndani ya geti kama walivyovuna nje. Kituo kizuri kimeondoa mnyororo wa hesabu na kurudisha mlango ule ule uliojaa.

Nairobi bado inasubiri yake. Mwaka 2018 mistari myekundu ilichorwa Thika Road kuonyesha njia ya mabasi ya kasi ambayo hayakuwepo, na matatu zikaendelea kupita juu yake. Wakati huo huo sheria inayohitajika leo tayari imeandikwa. Tangu kuanza kwa muongo uliopita mwenye matatu analazimika kujiunga na Sacco, yaani chama cha ushirika, au kampuni, na kanuni za mwaka 2014 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilitaka kila mwendeshaji awe na magari yasiyopungua 30 na azingatie sheria za kazi kwa wahudumu wake. Sacco ya magari 30 ina jina, ina ofisi, inaweza kupokea malalamiko na kumjua aliyekuwa mlangoni saa moja na nusu usiku. Baadhi zinafanya hivyo, na abiria wa njia zao hujua. Nyingine ni maandishi ubavuni mwa gari. NTSA ina uwezo wa kuzisimamisha, na mara kwa mara huzisimamisha kwa ajili ya ajali, kwa leseni zilizokwisha, kwa vidhibiti mwendo vilivyochezewa. Askari anaposimamisha matatu barabarani anaomba leseni ya dereva, bima na stika ya ukaguzi. Mkataba wa kazi wa utingo hauombwi na mtu.